Uzoefu wangu na kadi za Sky Ray za mwaka 1967
Seti niliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeko Uingereza ina kadi zote 36 ambazo kampuni ya Wall's ilizitoa mwaka 1967 kuitangaza Sky Ray, lambalamba yake yenye umbo la roketi. Mtoto alinunua lambalamba akapata kadi yenye kipande cha hadithi ya Doctor Who, shujaa wa tamthilia ya televisheni ya BBC, na maadui zake Daleks, na kama aliitaka hadithi nzima ilimbidi arudi dukani tena na tena; hata kama asingepata kadi iliyojirudia, bado angelamba lambalamba 36 kabla ya kufika mwisho. Wazazi, nadhani, hawakufurahi.

Kilichonivutia zaidi ni rangi. Daleks, viumbe wa ndani ya deraya waliobuniwa na mwandishi Terry Nation na kupewa umbo na Raymond Cusick wa BBC, wamechorwa humu kwa rangi kali, ilhali kwenye televisheni tamthilia hiyo ilionekana kwa rangi nyeusi na nyeupe hadi Januari 1970. Mtoto wa wakati ule alipata kwenye karatasi kitu ambacho skrini ya nyumbani haikuweza kumpa.

Kiangazi hicho hicho, hadithi ya The Evil of the Daleks, yenye sehemu saba, ilimalizika kurushwa mwanzoni mwa Julai ikiwa imekusudiwa kuwaaga Daleks, nao hawakupewa hadithi yao nyingine katika tamthilia hiyo hadi 1972. Kati ya sehemu hizo saba, ni ya pili tu iliyosalia kwenye filamu. Kadi iliyotolewa bure kwa mtoto mwenye vidole vinavyonata imedumu kuliko kipindi iliyokitegemea, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha bei, ambayo haikuwa ndogo.

Malalamiko yangu yanahusu muuzaji. Alizieleza kadi kuwa hazijawahi kutumika, tena akaonyesha picha za upande wa mbele tu, kumbe nyuma ya kadhaa kuna gundi kavu ya rangi ya kahawia, na moja imechunika ilipobanduliwa kwenye albamu, kiasi kwamba nusu ya maandishi yake haisomeki. Baada ya kuandikiana kwa muda alinirudishia sehemu ya fedha. Doa dogo la sharubati kwenye pembe ya kadi nyingine silihesabu kuwa kasoro. Ningeshangaa zaidi kama lisingekuwepo.

Anayetaka kuonja enzi hizo badala ya kuzikusanya atafute lambalamba ya FAB, iliyoanzishwa na kampuni ya Lyons Maid mwaka huo huo wa 1967 kwa kutumia umaarufu wa Thunderbirds, tamthilia ya vikaragosi ya televisheni, na mhusika wake Lady Penelope, nayo bado inauzwa Uingereza.

Kwa wakusanyaji, seti hii naipa nyota nne. Dai picha za nyuma ya kila kadi kabla ya kulipa. Mimi mwenyewe, nikinunua tena, nitatafuta albamu ambayo kadi zake zimekwisha kubandikwa: humo hadithi inasomeka mfululizo, na gundi haina ubaya wowote.