EC2 kwa tovuti za safari Arusha: inafaa, ila chunga bili

Wateja wa kampuni za utalii Arusha hufurika tovutini kwa vipindi, kwa hiyo seva za kukodi mtandaoni za Amazon (EC2), zikipangwa zijiongeze zenyewe, zina maana. Kituo cha data cha Amazon cha Cape Town, kilichofunguliwa 2020, lazima ukiwashe kwanza kwenye akaunti. Anza na seva 2, kikomo 4, lengo la matumizi ya CPU (kichakataji cha seva) asilimia 50. Usiweke kikomo 20: roboti (programu zinazotembelea tovuti) nazo husababisha seva kuongezeka, na bili ni ya dola!

Kosa kubwa ni kuhifadhi picha za Ngorongoro ndani ya seva. Mfumo ukiiondoa seva hiyo usiku, picha zinaondoka nayo, ziweke S3, hifadhi ya faili ya Amazon. Hifadhidata nayo haijiongezi pamoja na seva: miunganisho ikijaa, fomu ya kubuku hukwama huku CPU imetulia.

Blogu ndogo? Seva moja yatosha.