TAHADHARI: Betri za sola za "Ah 100" zenye kilo 14

Ndugu zangu wakulima wa bustani, na yeyote anayetafuta betri ya kuendeshea pampu ndogo ya maji, someni hii kabla hamjatoa hela.

Wiki iliyopita nilishuka Kariakoo kutafuta betri ya pampu ya kisima changu. Mota yake ni ya volti 12, wati 100, yaani inakula kama amp 8. Fundi alishanipigia hesabu: betri ya Ah 100 (Ah ni amp-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri) usiikamue kupita nusu, hivyo ingenipa kama saa 6 za kumwagilia. Maduka mawili yalinitajia laki tatu na nusu. La tatu, kijana akanitolea ya laki na themanini. "Mama, hii ni jeli, toleo jipya, ndiyo maana nyepesi." Niliibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye bajaji. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Nimefika nyumbani Mlali, nikaichaji kutwa nzima. Kesho yake nikafunga pampu. Hazikupita dakika 40, mlio ukaanza kufifia, maji kwenye mpira yakawa matone, na matuta ya mchicha zaidi ya nusu hayajaguswa. Fundi akaweka mita: pampu ikizimwa, volti 12.5, ikiwashwa, zinaporomoka hadi 10. Tukaipandisha kwenye mizani ya mpunga. Kilo 14! Betri ya madini ya risasi ya Ah 100 iliyo halali, hata ya jeli, huwa na kilo 25 hadi 30 hivi, kwa kuwa uwezo wake umo kwenye hiyo risasi. Za lithiamu ndizo nyepesi, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kona ya stika ilikuwa imeinuka. Tulipoibandua, chini kuna nyingine, imekwanguliwa lakini "40Ah" inasomeka. Vichwa vya kufungia nyaya vimepigwa msasa viking'aa, ila kwenye shina bado kuna ule ukungu wa kijani wa betri iliyokwisha kutumika.

Nilipompigia yule kijana aliyeniuzia, akasema nimeizidishia mzigo. Tangu siku ile hapatikani, na risiti aliyoniandikia kwa mkono haina hata jina la duka. Daini risiti ya mashine ya EFD, jamani. Bila hiyo hata ukienda Tume ya Ushindani huna cha kushika.

Mkienda kununua, chukueni mizani ya kuning'iniza. Mwambieni muuzaji awashe balbu ya taa kubwa ya gari kwenye hiyo betri kwa dakika 10 huku mita imefungwa. Volti zikishuka chini ya 12, iacheni. Akikataa kupima, ondokeni. Na wasiwageuzie betri ya gari: ile imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila siku kwa pampu, haidumu.

Niliyouziwa mimi ni ya kijivu, stika ya bluu, "100Ah" kwa maandishi makubwa. Mkiiona, inyanyueni kwanza.