Jukwaa lenye paa lilikuwa tupu, baba yangu akalowa

Nimekaa na hasira hii tangu wikiendi ile nikidhani itapoa. Haijapoa. Nilimpeleka baba yangu mpirani hapa Moshi, mvua ikatushukia, na hatua chache kutoka tulipokaa kulikuwa na jukwaa zima lenye paa, viti vikavu, vitupu. Tukakatazwa kuvikalia. Nikiisimulia kwa kifupi hivyo, kila mtu ananijibu, "Si ungekata tiketi ya jukwaa kuu?" Ndiyo maana leo naieleza yote.

Baba ana miaka 70 na ushee. Ujanani alikuwa akiteremka kwa miguu kutoka Kibosho kuja mjini kuangalia mechi, na usiku anapanda tena kwa miguu, kesho yake alfajiri yuko kwenye migomba. Goti lilipoanza kumsumbua akahamia kwenye redio, baadaye televisheni. Si mtu wa kuomba kitu. Siku hiyo mwenyewe akaniambia, "Nipeleke nikawaone kwa macho kabla ligi haijaisha." Nilifurahi kama mtoto.

Tiketi nilikata kwa simu, mbili, za mzunguko, yaani upande wa wazi usio na paa, shilingi 5,000 kila moja. Nilitaka kumkatia jukwaa kuu, akakataa. Alisema huko watu wanakaa kimya kama wako kwenye kikao, yeye anataka kukaa na wanaopiga kelele. Sikubishana naye. Na asubuhi ile Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi kabisa, kilele cha Kibo cheupe mpaka kinaumiza macho, na kile cha Mawenzi nacho kimesimama chote. Ndiyo, ilikuwa masika, na sisi wa huku tunajua kwamba kati ya Machi na Mei mlima ukiwa wazi asubuhi haukuahidi chochote cha jioni. Hilo nalikubali. Lakini tukisema watu wasitoke masika, basi tusiwe na mpira masika.

Mechi ilianza saa 10 jioni. Watu walikuwa wachache tangu mwanzo, maana kutoka mchana wingu lilishaanza kukusanyika juu ya Kibosho na wengi walikuwa wameshaamua kubaki nyumbani. Katikati ya kipindi cha kwanza ukaja ule upepo wenye harufu ya udongo, halafu matone makubwa, halafu ikamwagika. Mzunguko ule hauna paa hata la bati moja. Vijana wakakimbilia ukutani, wengine chini ya miti, na kundi kubwa likatoka nje kabisa, likavuka barabara kwenda kibandaumiza kuangalia mechi ileile kwenye televisheni. Walikuwa wamelipa tiketi. Waliniambia baadaye kwamba picha inachelewa, kwa hiyo kelele za uwanjani ziliwafikia kwa sikio kabla mpira haujaingia wavuni kwenye kioo. Mtu amelipia kuona goli, anaishia kulisikia kupitia ukuta.

Baba hawezi kukimbia. Nikamshika mkono, tukashuka taratibu mpaka kwenye kigeti kidogo kinachotenganisha mzunguko na jukwaa kuu. Hapo ndipo alipokuwa amesimama kijana mwenye kizibao cha kung'aa, na mwavuli.

Nataka niseme hasa kilichotokea pale, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka. Baba alifika kigetini kofia inachuruzika, akasubiri. Kijana hakusema shikamoo. Alisema, "Tiketi."

Baba mwenyewe akamwanza, "Hujambo, kijana?" Hakujibu. Alichukua simu yangu, akaitazama, akanirudishia. "Hizi za mzunguko."

"Najua," nikamwambia. "Naomba mzee akae tu pale pembeni mpaka mvua ipungue. Mimi nitabaki huku."

"Haiwezekani."

"Basi nilipe nyongeza. Ni shilingi ngapi?"

"Mfumo umefunga. Mechi ikishaanza hauuzi."

"Nilipe mkononi, unipe risiti."

"Nikishika hela ya mtu nafukuzwa kazi."

"Sasa viti vyote hivi vinamsubiri nani?"

Akatazama nyuma yake, kama vile ndiyo kwanza anaviona. Halafu akasema, "Mzee wako angebaki nyumbani. Wingu si aliliona."

Alisema hivyo mbele yake. Baba akaniambia, "Twende, mwanangu," akageuka, na goti lake lile, kwenye ngazi zinazoteleza.

Nilihesabu. Nilirudi mvuani nikahesabu waliokaa chini ya paa lile, hawakufika 50, na karibu wote walikuwa wamejibana safu za juu katikati. Pembe zote mbili hakukuwa na mtu hata mmoja. Viti vimepangwa vizuri, vina namba, vimekauka.

Sasa niseme haki. Kuhusu hela mkononi, kijana alikuwa sahihi. Sote tunakumbuka enzi za tiketi za karatasi, mapato yalivyokuwa yanaliwa getini, uwanja umejaa lakini hesabu inayosomwa ni ya nusu ya uwanja. Tiketi za kielektroniki niliziunga mkono na bado naziunga mkono. Angepokea elfu zangu tano akaziweka mfukoni, leo ningekuwa naandika lalamiko jingine. Kwa hiyo kosa kubwa si lake, ni la kampuni iliyopewa kazi ya tiketi na wasimamizi wa mchezo, ambao wameweka mfumo unaofunga mauzo mpira ukianza, wakati mvua za huku haziangalii saa ya mpira. Ni kazi gani kumruhusu mtu aliyeko ndani tayari aongeze hela kwa simu abadilishe eneo? Wangepata fedha ambayo siku ile hawakuipata, na viti vingekaliwa. Au wangefanya lililo rahisi zaidi: mvua ikizidi, safu za chini za pembeni zifunguliwe kwa wazee, wenye watoto wadogo na wenye magongo, bila shilingi. Hakuna ambaye angepungukiwa.

Nilipofika hapo nilikuwa karibu nimsamehe yule kijana. Lakini narudi kwenye shikamoo. Mfumo haukumkataza kuamkia mtu. Hakuna kanuni ya mchezo inayosema mzee aliyelowa asijibiwe salamu yake. Huku kwetu hata anayekuja kukudai anakuamkia kwanza.

Na kuna jambo jingine linaloniuma kama mtu wa Moshi. Kamera kuu ya televisheni kwa kawaida inawekwa upande wa jukwaa kuu, inatazama mzunguko. Kwa hiyo anayeangalia akiwa Mwanza au Mtwara haoni viti vitupu vyenye paa, anaona sisi tuliokimbia mvua. Anaona zege tupu linalong'aa kwa maji, anasema watu wa Kilimanjaro hawana habari na mpira, wana biashara zao. Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi. Kumbe watu walikuwepo! Walikuwa ukutani, walikuwa chini ya miti, walikuwa ng'ambo ya barabara na tiketi zao kwenye simu. Wangeachwa waingie chini ya paa, kamera isingewaonyesha, lakini sauti zao zingesikika nchi nzima, na wachezaji wetu wangezisikia.

Najiuliza kama kuna anayejali. Mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi kuu ziliuzwa kwa televisheni ya Azam kwa miaka 10, kwa zaidi ya shilingi bilioni 225. Ni jambo jema, limesaidia klabu kulipa mishahara, nami sitaki kusikia mtu akilibeza. Ila nahofia limewafanya wasimamizi wengine waone shabiki wa getini ni wa ziada, akija sawa, asipokuja sawa. Elfu tano ya baba yangu haimstui mtu.

Mpira wenyewe, jamani, ulikuwa mtamu. Hapa ndipo ninaposhindwa kuandika hukumu moja. Kwenye eneo la katikati maji yalituama, pasi ya chini inakwama, mchezaji anapita kabla ya mpira wake. Mwamuzi alisimama mara mbili, akaudondosha mpira kuona kama unadunda, akaruhusu waendelee. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa goli moja. Kipindi cha pili wakaacha kupasiana chini, wakaanza kupiga mipira mirefu pembeni ambako nyasi bado zilikuwa na uhai. Dakika za mwisho ikapigwa krosi, kipa akaruka, mpira umelowa ukamponyoka mikononi, ukajifia kwenye tope mstari wa goli, na beki wetu wa kushoto akautelezea kwa magoti yote mawili akausukuma ndani. Baba aliruka. Na goti lile! Alinishika shingo akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu nikiwa darasa la nne.

Aliruka akiwa chini ya turubai, na turubai hilo ni la mama mmoja muuza kahawa. Tulipotoka kigetini alituona, akaniita mimi, "Baba, njoo huku, usimwache mzee mvuani!" Aliondoa turubai lililofunika kashata zake, akalivuta likamfunika baba mabegani, jiko lake la mkaa akalisogeza karibu na miguu yake. Akampa kikombe cha kahawa ya tangawizi, cha pili, cha tatu. Nilipotaka kulipa alipokea cha kwanza tu. Kashata zake zililowa. Sijui jina lake, lakini kama kuna huduma niliyoipata uwanjani siku ile, ni yake, na ninampa nyota zote tano peke yake.

Kwa waliopewa kazi ya kutuhudumia nilikuwa nimeandika nyota mbili, kwa sababu tiketi ilifika kwenye simu mara moja na getini hakukuwa na foleni. Nimesoma tena nilichoandika hapo juu nimeishusha kuwa moja. Siku tatu baba alikohoa. Nilipiga namba ya malalamiko iliyokuja na ujumbe wa tiketi, dada akaniuliza kama hela ilikatwa mara mbili. Nikasema hapana, nalalamika kuhusu kiti. Akasema hilo si la kwao, ni la uwanja. Uwanjani nikaambiwa ni la wenye tiketi.

Mwaka 2027 tutaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Uganda, na jirani zetu wa Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili yake. Najivunia. Nimewahi kwenda Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam, viti 60,000, paa limezunguka, nikasema siku moja na huku kaskazini tutakuwa na wa namna hiyo. Lakini uwanja utakuja na walinzi wake, na mifumo yake, na vigeti vyake. Kama viti mia mbili vitupu vinamshinda mtu wa Moshi kuvigawa siku ya mvua, elfu 30 vitagawiwa vipi? Juni na Julai masika yameshapita, lakini kila aliyelala Arusha miezi hiyo anajua lile baridi na yale manyunyu.

Niliapa sirudi. Nilimwambia mke wangu, niliwaambia wenzangu wa kazini, na hapa nilikuwa nimeandika hivyo hivyo, kwamba asiende mtu mpaka watuombe radhi. Nimeifuta sentensi hiyo. Tusipokwenda tutawathibitishia kwamba viti vile havina wenyewe.

Baba kwa upande wake amesimulia mechi ile kwa kila anayepita nyumbani. Anasimulia krosi, anasimulia beki alivyopiga magoti kwenye tope, anasimulia kahawa ya yule mama. Kigeti hakitaji. Nikikitaja mimi anasema, "Mwache, alikuwa kazini," na mimi hasira inanipanda upya kwa sababu anamtetea mtu ambaye hakumjibu hata salamu.

Jana amenituma nikipita soko la Mbuyuni nimuulizie bei ya koti la mvua. Mawili, alisema, na moja liwe refu linalofika magotini.