Viwanja vya mradi vya kulipa kidogokidogo: neno "vimepimwa" linauza nini?

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo, Kibaha, Chanika au ndani ya Kigamboni, mabango ni yaleyale: viwanja vimepimwa, lipa kwa awamu, hati bure. Huduma hii ina sifa zake. Barabara za mtaa huchongwa kabla ya nyumba, risiti hutolewa, na mtu wa mshahara ananunua bila kupita benki. Tatizo ni hilo neno "vimepimwa", maana chini yake zinauzwa bidhaa tatu.

Ya kwanza ni shamba lililokatwa kwa kamba: vigingi vya miti vimepakwa rangi nyekundu, greda limepita, basi. Ya pili ina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, kwa hiyo unajua makazi ni wapi na shule ni wapi, ila kiwanja chako bado hakijasajiliwa. Ya tatu ndiyo inayostahili bei ya bango: ramani ya upimaji imesajiliwa, kiwanja kina namba na kitalu, na bikoni, yaani alama ya mpaka kwenye kona, ni chuma kilichosimikwa kwenye zege, chenye herufi na namba zinazolingana na za kwenye ramani. Usiulize kama kimepimwa. Omba namba ya ramani iliyosajiliwa. Ukijibiwa "iko kwenye mchakato", hiyo ni bidhaa ya kwanza au ya pili, na bei ishuke.

Ukubwa nao una ujanja wake. "20 kwa 20" ya mita ni mita za mraba 400. "20 kwa 20" ya hatua, kila hatua futi tatu, ni kama 335. Umelipia 65 ambazo hazipo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukitoa robo yake kwa ajili ya barabara na maeneo ya wazi, hubaki viwanja saba vya 400, si kumi. Anayekuonyesha kumi amebana barabara, na gari la maji taka halitaingia.

Kuhakiki mahali kwa simu ni jambo jema, ila kuna mtego. Namba za mahali (koordineti) kwenye ramani nyingi za zamani ziko katika mfumo wa Arc 1960, simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukiingiza namba hizo bila kuzibadilisha, unajikuta kama mita 300 kutoka kwenye kiwanja chako, na huenda ukamgombeza jirani asiye na kosa. Mpe mpimaji kazi hiyo.

Kuhusu awamu: bei ya kulipa kwa awamu za mwaka mmoja ikiwa 10,000 kwa mita ya mraba na ya taslimu 8,000, kiwanja cha 400 kimeongezeka shilingi 800,000. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kampuni ambayo yenyewe bado inamlipa mwenye shamba kwa awamu. Ikikwama, mwenye shamba anarudi na wewe huna mkataba naye. Kabla ya malipo ya kwanza, ona mkataba wa kampuni na mwenye shamba, wenye ridhaa ya mwenzi wake, na kama shamba lina hati fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba majirani wanamfahamu muuzaji, umiliki haithibitishi.

"Hati bure" isome kwa kalamu nyekundu. Hati ikitoka moja kwa moja kwa jina lako baada ya upimaji, hakuna uhamisho. Ikiwa tayari ina jina la kampuni, kuna uhamisho, pamoja na ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji. Kodi hiyo kisheria ni ya muuzaji, lakini mikataba mingi humtupia mnunuzi katika kifungu kidogo cha mwisho.

Kiwanja kikaguliwe wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kiangazi kila eneo ni zuri. Matete yakiota katikati ya kiwanja, yaamini kuliko bango. Kigamboni kuna sehemu maji yako karibu sana na uso wa ardhi, shimo la choo linajaa kabla halijatumika. Barabara isiyo na kalvati nayo hugeuka mfereji masika ya kwanza tu.

Ukishalipa, usiache pori. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, mzunguko ni mita 80: kozi (safu) moja ya tofali za inchi 18 inakula kama tofali 170, kozi tatu 510. Zinatosha kumzuia anayesogeza mpaka. Ila mwangalie fundi, wengi huifukia bikoni ndani ya zege la msingi, na siku jirani akileta mpimaji hakuna pa kuanzia.