Fundi Aliyeiponya Kompyuta Yetu, Akapoteza Tarakimu Tano

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ofisi yetu ni ya chama kidogo cha akiba na mikopo cha walimu, mjini Morogoro. Tuko wanne, kila mmoja na kompyuta yake ya mezani, na kumbukumbu zote za wanachama, kuanzia namba za simu hadi marejesho ya mikopo, zilikuwa katika faili moja la Access, programu ya kutunza kumbukumbu katika majedwali, lililokaa kwenye kompyuta ya mhasibu wetu, nasi wengine tukilifikia kwa waya wa mtandao. Huduma ninayoieleza ni ya fundi tuliyemwita kutoka duka moja la hapa mjini. Jina la duka silitaji kwa sababu Mama, ndivyo tunavyomwita mhasibu wetu, amenikataza nisilitaje.

Umeme ulikatika, kama ilivyokuwa kila siku katika msimu ule wa mvua, mwenzetu mmoja akiwa katikati ya kuingiza marejesho. UPS ya kompyuta ya Mama, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ilikuwa na betri iliyokwisha nguvu zamani, kwa hiyo mashine ilizimika papo hapo. Umeme uliporudi, faili lilitupa ujumbe kwamba huenda limeharibika. Leo najua chanzo chake. Access ikitumiwa na watu kadhaa huweka kijifaili pembeni ya faili kuu, cha kuandika nani yumo ndani, na mashine ikizimika ghafla kijifaili hicho hubaki kama daftari la wageni ambalo mtu hakusaini alipotoka. Mara nyingi tiba yake ni ndogo: wote mfunge programu, mnakili faili kama lilivyo na kuiweka nakala mahali salama, kisha mlipitishe kwenye amri ya kubana na kukarabati iliyomo ndani ya Access yenyewe. Ikishindikana, hufunguliwa faili jipya tupu na majedwali ya lile la zamani huingizwa humo moja moja. Siku ile hatukuyajua hayo, na hilo nalihesabu kuwa kosa letu, si la fundi.

Alifika kabla ya saa sita. Aliingia, akapita mbele ya meza ya Mama, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye hata mwenyekiti wetu humwamkia, akavuta kiti bila shikamoo wala habari za kazi, akauliza, "Mashine mbovu ni ipi?" Mtu anaweza kusema kwamba hilo halihusiani na kompyuta. Mimi nasema lilihusiana kuliko kitu kingine chochote siku ile, kwa maana mtu asiyeona haja ya kumsalimu mwenye meza haoni pia haja ya kumuuliza meza hiyo ina nini.

Kwa haki yake, mikono yake ilikuwa myepesi. Alifanikiwa kulifungua faili lile lile lililotugomea, na baada ya muda mfupi alikuwa amehamisha kila jedwali kwenye mafaili ya maandishi matupu, yale ambayo data hutenganishwa kwa mkato, akayaweka kwenye flashi yake. Alitueleza kwamba Access ni ya watu wa zamani na kwamba tangu siku hiyo tungetumia lahajedwali la Excel tu. Kisha akasema diski inahitaji kufutwa yote na Windows iwekwe upya. Hapo ndipo Mama alipouliza, kwa sauti ya taratibu kabisa, "Mwanangu, lile faili lenyewe umeliweka wapi?"

Alijibu bila kugeuza shingo: "Mama, haya mambo tuachie vijana. Wewe endelea na vitabu vyako."

Sijawahi kuona ofisi yetu ikinyamaza vile. Mama alirudi kwenye leja yake akaendelea kuandika. Fundi akaifuta diski, na faili la Access likaenda nalo, kwa sababu hakulinakili popote. Alichokuwa nacho ni yale mafaili ya maandishi tu.

Ilipofika jioni kompyuta ilikuwa inawaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka tangu niajiriwe. Majina yalikuwapo, akiba zilikuwapo, mikopo ilikuwapo, yote katika lahajedwali lenye vichwa vya rangi. Tuliafikiana shilingi 80,000, tukatanguliza 50,000, na nakiri kwamba usiku ule nilimsifia kwa mume wangu. Kama ningeandika tathmini hii wiki ile ningempa nyota nne, nikakata moja kwa ajili ya salamu.

Wiki chache baadaye benki tunayoweka fedha zetu iliomba orodha ya wanachama pamoja na namba za vitambulisho vya NIDA, yaani vitambulisho vya taifa. Tukaituma. Ilirudishwa siku ya pili na maelezo mafupi kwamba namba zote si sahihi. Zote, kwa wanachama 312. Nilizifungua nikazitazama kwa muda mrefu bila kuona kosa, maana kila namba ilikuwa na tarakimu 20 kamili, na zile nane za mwanzo, ambazo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, zilikuwa sawa kwa kila mtu niliyemfahamu. Mama ndiye aliyeweka kidole kwenye kioo na kukishusha polepole kando ya safu. Kila namba iliishia na sifuri tano.

Excel ikikutana na tarakimu tupu huichukulia kuwa ni hesabu, na katika hesabu hutunza tarakimu 15 tu. Kuanzia ya 16 huweka sifuri. Namba ya NIDA ikiandikwa na vistari vyake husomwa kama maandishi na hubaki salama, lakini sisi tangu mwanzo tulizihifadhi bila vistari, na ndani ya Access hazikuwahi kuleta shida kwa sababu safu ile ilikuwa ya maandishi. Faili la kwanza alilolitoa fundi lilikuwa bado zima. Lilikufa pale alipolibofya mara mbili likafunguka kwenye Excel, kisha akahifadhi juu yake. Tena wakati ule Excel ilimpa ishara: namba za namna hii huonekana kwanza kwa ule ufupisho wa 1.97E+19, ambao Excel huutumia kufupisha namba ndefu. Mtu anayejali kazi ya wenzake angesimama hapo akauliza. Yeye aliitanua safu, akaipa sura ya namba isiyo na desimali, na zile sifuri zikajipanga vizuri mahali ambapo palikuwa na tarakimu za watu.

Namba za simu nazo zilipoteza sifuri ya mwanzo, lakini hiyo hainiumizi. Sifuri ile tunaijua, tuliirudisha kwa namba zote siku moja kabla ya chakula cha mchana. Tarakimu tano za mwisho za kitambulisho hakuna mtu anayeweza kuzikisia, wala hakuna amri ya kuzirudisha, kwa sababu ndani ya faili hazimo tena.

Nilimpigia simu. Alisema, "Dada, kompyuta haikosei, mliziingiza vibaya wenyewe." Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2020 huko Uingereza, idara ya afya ya umma ya nchi nzima iliacha karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko nje ya hesabu zake kwa siku kadhaa, kwa sababu matokeo ya vipimo yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani ambalo haliwezi kupita mistari 65,536, na mistari iliyozidi ikaachwa. Wale walikuwa wataalamu, na lahajedwali liliwapotezea data kimyakimya. Kwa hiyo simlaumu fundi kwa kutoijua tabia hii. Namlaumu kwa kusema mbele ya watu wanne kwamba aliijua.

Nilidhani yameishia hapo, mpaka alipokuja Mwalimu mmoja mstaafu. Alisimama mlangoni akiwa na barua yetu mkononi, amevaa koti siku ya joto, akaniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuchelewesha deni. Barua ilimtoza adhabu ya miezi mitano. Mkopo wake ulitolewa tarehe 5 Oktoba. Lahajedwali lilisema 10 Mei. Fundi alipoiweka Windows upya aliiacha na mpangilio wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi kabla ya siku, na yale mafaili aliyafungulia humo. Kila tarehe ambayo siku yake haizidi 12 iligeuzwa, mwezi ukawa siku na siku ikawa mwezi. Kuanzia 13 kuendelea hazikuweza kugeuzwa, hivyo zilibaki kama maandishi ambayo fomula za riba haziwezi kuyahesabu. Nusu ya mikopo ilikuwa na tarehe za uongo na nusu nyingine haikuwa na tarehe kabisa machoni pa kompyuta, na sisi tulikuwa tumeshapeleka barua.

Mama aliinuka, akamwamkia Mwalimu, akamkalisha, akaifungua leja mbele yake kwenye ukurasa wa mkopo wake. Oktoba 5, kwa kalamu ya bluu. Alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi nzima, akaichana ile barua yeye mwenyewe. Mimi nilishindwa kusema neno.

Kilichotuokoa kilitoka kwenye droo yake. Kulikuwa na flashi iliyofungwa kwenye leso, yenye nakala ya faili la Access aliyoichukua kabla ya kufunga hesabu za mwaka. Nilipomuuliza kwa nini hakuitaja siku ile, alinijibu kwamba alikuwa anataka kuitaja, ndiyo maana aliuliza faili limewekwa wapi, kisha akaambiwa aendelee na vitabu vyake.

Binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo ndiye aliyeifungua, na yeye namsifu bila kupunguza neno. Kwanza aliinakili mara mbili. Kisha akatuuliza maswali kwa zaidi ya saa nzima kabla ya kugusa kibodi: nani anaingiza nini, namba ipi haipaswi kubadilika, leja inafungwa lini. Kutoka kwenye nakala ile tulipata namba kamili za wanachama 271. Za 41 waliojiunga baadaye tulizitafuta kwenye fomu za karatasi. Kwa tarehe alituonyesha jambo ambalo sitalisahau: ndani ya safu ile, tarehe zilizoegemea kushoto ni zile zilizobaki maandishi, hivyo ni za kweli kama zilivyoandikwa, na zilizoegemea kulia ndizo zilizopinduliwa na zinapinduliwa tena. Hata hivyo Mama hakukubali hata moja ipite bila kulinganishwa na leja. Tulifanya hivyo jioni kwa jioni, mmoja akisoma, mwingine akitia alama.

Sasa tumerudi kwenye Access. Majedwali yako peke yake katika faili moja kwenye kompyuta ya Mama, yenye UPS yenye betri mpya, na fomu za kuingizia ziko kwenye kompyuta ya kila mmoja wetu, hivyo hitilafu ya fomu zangu haigusi kumbukumbu zenyewe. Excel tunaitumia kwa ripoti tu, na safu za simu na vitambulisho tunazipa sura ya maandishi kabla ya kuingiza chochote. Nimesikia kwamba matoleo yaliyotoka tangu 2023 yana mahali pa kuizima tabia ya kubadilisha namba ndefu. La ofisini kwetu ni la zamani, nasi hatuna fedha za jipya kwa sasa.

Je, ningemshauri mtu amwite fundi yule? Kama kompyuta yako haiwaki na ndani yake hamna kitu unachokihitaji, ndiyo, anajua kazi yake na bei yake si mbaya. Nimeiandika sentensi hiyo nikijaribu kuwa mwadilifu, na sasa nikiisoma naona siitaki. Wanachama tisa bado namba zao zina sifuri tano, kwa sababu fomu zao zilififia au zilinyeshewa, na wawili kati yao wamehamishiwa Mahenge, ambako kila mara tunawapigia bila kuwapata. Hapana, simshauri mtu. Nampa nyota moja.

Wiki iliyopita alipiga simu kuulizia salio lake la shilingi 30,000. Mimi nilisema asipewe hata senti, na bado nasema hivyo. Mama akasema alifanya kazi na mashine inawaka, alipwe. Fedha ameziweka kwenye bahasha juu ya kabati, kwa masharti mawili aliyonituma nimwambie fundi na nimekwisha kumwambia: azifuate mwenyewe, na akiingia aanze kwa salamu.