Baridi mbili kwenye fleti hii: joto, treni na yale ambayo dalali hakusema

Nimeishi kwenye fleti hii majira mawili ya baridi, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Tulihamia hapa tukitoka kwenye nyumba ambayo asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 14 sebuleni. Mtoto alikuwa anavalia nguo zake chini ya blanketi. Na ile nayo ilitangazwa kuwa "ina hita": kumbe ni hita moja ya umeme ya kubebeka, inayopasha joto miguu ya aliye karibu nayo tu, na bili yake ilitutoa jasho kuliko yenyewe.

Safari hii sikukubali kuoneshwa nyumba mchana wa jua. Niliomba kurudi jioni, baridi ikiwa imeshuka, na mfumo wa joto ukiwa umewashwa saa kadhaa. Kwenye kila chumba niliweka kiganja sehemu ya juu ya rejeta, lile paneli la ukutani linalopitisha maji ya moto, kisha sehemu ya chini. Ikiwa moto chini na baridi juu, kuna hewa imenaswa ndani, na hilo si kubwa: hufunguliwa kwa kifunguo kidogo hadi maji yaanze kutoka, kisha unafunga. Ikiwa juu ni moto na chini katikati ni baridi, mara nyingi ni tope limejikusanya, na kulisafisha ni kazi ya fundi. Hapa rejeta ya chumba cha mtoto ilikuwa na hewa. Mwenye nyumba aliitoa hewa hiyo papo hapo mbele yangu, na tangu siku hiyo nikamwamini.

Fleti iko ghorofa ya tatu kati ya sita, na hilo limetusaidia kuliko nilivyotarajia. Joto la majirani wa juu na wa chini linatukinga. Madirisha ni ya vioo viwili vyenye nafasi katikati. Ukipitisha mkono pembeni mwa fremu husikii upepo. Vali za rejeta, zile swichi zenye namba za kuongeza na kupunguza joto, nazifungulia namba 3, na kipimajoto, nilichokiweka mbali na rejeta, kinasoma nyuzi 20 sebuleni na 18 vyumbani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba nyumba za nchi zenye baridi zisiwe chini ya 18, na wazee na watoto wadogo huenda wakahitaji zaidi. Nilipoisoma namba hiyo niliikumbuka ile 14 nikaumia.

Kasoro zipo. Mfumo ni wa jengo zima, kwa hiyo sisi hatuamui uanze lini. Mwaka jana baridi iliwahi, tukakaa wiki nzima na masweta tukisubiri boila, mtambo unaochemsha maji ya rejeta, iwashwe. Waulize kabla ya kusaini inawashwa mwezi gani na nani anaamua. Kosa jingine lilikuwa letu: tulitundika mapazia marefu yakafunika rejeta, joto lote likabaki kati ya pazia na kioo. Tulipoyakata hadi usawa wa kizingiti cha dirisha, chumba kilibadilika siku hiyohiyo. Kona iliyo nyuma ya kabati la nguo, kwenye ukuta wa nje, ilianza kuota kuvu. Tukalisogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja na kufungua madirisha dakika chache kila asubuhi. Kuvu haijarudi.

Kuhusu usafiri sina mengi ya kulalamika. Tangazo lilisema dakika sita hadi kituo cha treni. Nilitembea mwenyewe nikiwa na mtoto na kigari chake, zikawa tisa, na theluji ikianguka ni kumi na mbili. Bado ni karibu. Treni za asubuhi zinafuatana, ila Jumapili unaweza kusimama dakika ishirini kwenye upepo, na lifti ya kituo ikiharibika, kigari unakibeba ngazini. Fleti ya kwanza niliyoiona ilikuwa juu kabisa ya reli. Vikombe vilitetemeka kabatini kila treni ilipopita. Hapa tumetengwa na reli kwa mtaa mmoja, na usiku tunalala.

Mkataba unaisha mwezi wa nne. Tumeshamwandikia mwenye nyumba kwamba tunaongeza mwaka, na tumemwomba jambo moja tu: boila iwashwe mapema kidogo.