TAHADHARI: Land Rover ya kijani "ya 1964" inayozunguka mitandaoni

Wakuu, kabla hujatuma hata senti ya kishika uchumba kwa ajili ya ile Land Rover fupi ya kijani, "Series IIA ya 1964, haijaguswa" (Series ni matoleo ya zamani ya Land Rover; baada ya IIA ikaja III), soma kwanza hapa. Mimi imeshanitoka laki tano, nauli ya basi ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku mbili za ruhusa kazini. Jina la muuzaji na namba yake siweki. Tangu tuachane amebadilisha laini mara mbili, na yale majina anayotumia sina hakika kama kuna hata moja lililo lake. Nitakuelezea gari, maana gari halibadilishi laini.

Tangazo lenyewe lilisomeka hivi:

"Land Rover Series IIA mwaka 1964. Ya mzee mmoja tu, haijachakazwa. Kila kitu ni chenyewe. Haina kutu kabisa. Mileji 43,000. Ilikuwa kwenye msafara wa sherehe za Uhuru 1961. Ni kuwasha na kuondoka. Anayeijua ndiye ataielewa. Milioni 28, maongezi yapo."

Picha zilikuwa 24. Gari linang'aa, limeegeshwa chini ya mwembe, usukani umezungushiwa kamba nyekundu kama walivyokuwa wakifanya madereva wa zamani. Nililisoma tangazo lile labda mara kumi. Mke wangu alilisoma mara moja tu, akaniuliza, "Baba Neema, gari la 1964 lilifikaje kwenye sherehe za 1961?" Nilikuwa nimeshatuma hela.

Naomba msinicheke. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na Land Rover ya idara ndiyo iliyokuwa ikitutoa kijijini tukiugua. Nilikuwa na miaka sita nikilisukuma na kaka zangu asubuhi za baridi. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwandikia "anayeijua ndiye ataielewa", umeshammaliza. Maneno yale hayaelezi chochote kuhusu gari. Yanakusifia wewe mnunuzi, ili ukiuliza swali ujione mshamba.

Nikamchukua mzee mmoja fundi, mtu aliyeanza kuyashika magari haya kwenye karakana ya serikali miaka ya 70, tukapanda basi la usiku. Mji siutaji, ni huko kaskazini. Saa tatu asubuhi tuko uani kwa muuzaji. Mzee hakusalimia gari kama nilivyosalimia mimi. Alinyoosha mkono akagusa rejeta, akaurudisha.

"Umeiwasha saa ngapi?"

"Nilikuwa naizungusha kidogo mzee wangu, isilale."

Hilo la kwanza lishike. Injini mbovu ikishapata moto huwa na adabu. Ugumu wa kuwaka, moshi, kelele za vyuma, vyote vinaonekana pale inapowashwa ikiwa ya baridi, na muuzaji anayejua alichokificha ataamka mapema kuliko wewe. Mzee akasema tutakunywa chai kwanza. Tulikaa muda wa saa tatu nzima. Ilipowashwa ikiwa imepoa, uani kulikuwa kama kuna mtu anachoma takataka.

Tulipokuwa tunasubiri, mzee alichungulia ndani akaniita. "Mwanangu, spidomita iko wapi?" Nikamwambia mbele ya dereva. "Basi hii si ya 64."

Ni jambo dogo sana, na linaonekana kwenye picha ya tangazo, ukiwa kwako, bila nauli. Series II na IIA zina geji zote katikati ya dashibodi. Geji zilihamia mbele ya dereva kwenye Series III, na Series III ilianza kutengenezwa 1971. Muuzaji alikuwa ametafuta grili ya waya ya IIA akaifunga mahali pa ile ya plastiki ya Series III, kazi ya bolti chache na nusu saa. Dashibodi hakuihangaikia. Baadaye tulipoiendesha, mzee akairudisha gia ya pili bila kupiga klachi mara mbili, ikaingia kimya. Gia ya kwanza na ya pili za IIA hazikubali hivyo, zinakwaruza mpaka jirani ajue. Ndiyo, giaboksi hubadilishwa, lakini ushahidi ulikuwa umeanza kurundikana.

Sasa njoo kwenye "haina kutu kabisa", ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni kweli.

Bodi ya Land Rover hizi ni alumini. Alumini haishiki kutu ile ya kahawia. Kwa hiyo mtu anakupiga picha mabawa, milango na boneti, anakuandikia haina kutu, na hajasema uongo hata neno moja. Kutu iko chini kwenye chasi, ambayo ni chuma, na kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako. Hizo sehemu mbili ndizo gari. Mengine yote unafungua kwa spana. Na ule ujanja tuliozoea wa kupitisha sumaku kwenye bodi kutafuta pati, ule udongo wa kuzibia matundu na mabonde, unaotusaidia kwenye Peugeot na Datsun, hapa haufanyi kazi, maana sumaku hainati kwenye alumini hata kama bodi haina doa.

Mzee akatandika gunia, akaingia uvunguni upande wa nyuma na bisibisi. Chasi yote ilikuwa imepakwa ule weusi mzito wa lami, mpya, bado inanuka. Mimi nilipiga magoti nione. Alipogonga mbele ilitoa sauti ya chuma. Alipofika kwenye ule mhimili wa mwisho wa nyuma, sauti ikawa ya kadibodi. Akasukuma bisibisi kwa kiganja, taratibu, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, pale tundu lilipokuwa pakamwagika unga mwekundu na kipande cha gazeti. Gazeti, wakuu. Mtu alijaza gazeti ndani ya chasi, akapaka pati, akapaka lami, akaandika milioni 28.

Muuzaji akasema, "Hayo ni mambo madogo boss, kuchomelea tu."

Ukisoma tangazo lolote lenye "inahitaji kazi ndogo tu", jiulize kwa nini kazi hiyo ndogo haijafanywa na mtu ambaye ingemwongezea milioni kadhaa.

Boneti ilipofunguliwa, tukakutana na injini ya Toyota 3L ya dizeli. Kwenye picha 24 hakukuwa na hata moja ya injini, wala ya uvunguni, nami sikuligundua hilo. Kubadilisha injini si dhambi, Land Rover nyingi zinatembea hapa nchini kwa sababu ya moyo wa Kijapani. Dhambi ni kuandika "kila kitu ni chenyewe". Kadi ya gari ilionyesha petroli, cc 2,286. Hiyo 3L ni cc 2,779. Kwa hiyo hata kama ningelipenda gari lilivyo, ningerithi kadi isiyolingana na injini, na maelezo ya kwenda kutoa TRA yangekuwa juu yangu, si juu yake.

Namba ya chasi sasa. Kwenye Land Rover hizi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikizwa. Mzee alikwangua rangi kwa ukucha. Palikuwa na mikwaruzo ya grenda na tarakimu mbili za mwisho tu ndizo zilizosomeka. Kile kibao kidogo cha ndani chenye namba kilianza na 24, mwanzo wa namba za IIA fupi za petroli, wakati Series III fupi za petroli za miaka ya 70 huanza na 90. Kibao kilishikizwa kwa ribiti mpya zinazong'aa. Kuanzia hapo mzee hakuongea tena na muuzaji. Alinivuta pembeni akaniambia, "Hili hata ukipewa bure usilichukue, hujui limetoka wapi." Gari ambalo namba yake imesagwa linaweza kuwa la wizi, na litakapokamatwa litakamatwa kwako.

Mileji 43,000? Spidomita ile ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya, kwa hiyo 43,000 inaweza kuwa 143,000 au 343,000, na hapo hatujazungumzia kebo iliyokatika miaka ishirini iliyopita. Usiiangalie namba, angalia pedali ya klachi. Ile ilikuwa imelika, mpira umekwisha, chuma chenyewe kimepata umbo la kisigino cha mtu.

Kuhusu hela yangu: aliniambia kishika uchumba hakirudi. Mzee akamkalia kooni mpaka akatoa laki mbili. Tatu zilizobaki nimezifungulia RB polisi, na sina matumaini makubwa. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba "kuna Mzungu anakuja kesho na dola". Huyo Mzungu nimeshakutana naye kwenye matangazo mengi, na siku yake ya kuja huwa ni kesho.

Nisimwonee huyu mmoja. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, naona kila mwenye mabati manne uani ameyapa jina la Series. Na si Land Rover peke yake. Wiki iliyopita nimetumiwa tangazo la Peugeot 504, eti ndiyo iliyompa dereva Bert Shankland ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally. Shankland aliyekuwa akiishi hapa kwetu alishinda kweli, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. 504 ilizinduliwa 1968. Mwingine anauza Datsun 1200 "ya Safari" kwa sababu tu ina stika mlangoni na taa nne mbele. Gari lililokimbia mashindano huacha karatasi: orodha za washiriki, picha zenye namba ya mlangoni, kadi za zamani. Stika inachapwa kwa elfu kumi. Vivyo hivyo na "zimebaki tatu tu Afrika Mashariki". Aliyezihesabu ni nani?

Na lile neno "namba zinasomana". Mara nyingi maana yake ni kwamba namba za gari zinalingana na kadi, jambo jema, lakini halimaanishi kwamba injini ilitoka kiwandani na gari hilo. Ukilipishwa bei ya gari lenye injini yake ya kuzaliwa, dai uthibitisho wa hilo. Ukiona gari la miaka ya 60 lina namba ya chasi ya tarakimu 17, ujue kuna kioja, kwa sababu mfumo huo ulisanifishwa 1981.

Sasa mimi kabla ya kukata tiketi naomba video moja isiyokatwa: anagusa injini kwa mkono, anaiwasha, anazunguka nyuma kuonyesha eksozi, kisha analala chini na simu na kupita uvunguni kutoka bampa mpaka bampa. Naomba picha ya namba ya chasi kwenye chuma, si kwenye kibao, na picha ya kadi. Wengi hapo hapo wanaacha kujibu. Mmoja wa Iringa alijibu kwa video ya dakika sita, akiwa amelala kwenye vumbi, na tangazo lake lilisema "chasi imeungwa sehemu mbili, gia ya pili inaruka, mlango wa kushoto si wake". Bei yake si ya chini, lakini huyo nitamfuata kwa miguu. Hela ataiona tukiwa kwenye dirisha la TRA la kuhamisha umiliki, si kabla.

Kwa anayetaka kulitambua lile langu: usukani wa kamba nyekundu, iliyofumuka upande wa kulia, pale ambapo kwenye uso wa saa ingekuwa namba 4, na ufa mdogo kwenye kona ya kioo cha mbele, upande wa abiria.

Nayasema haya leo kwa sababu juzi usiku nimeliona tena. Limepakwa rangi ya krimu. Sasa ni "Series II ya 1958, adimu sana", mileji 38,000, milioni 35, picha 24. Kamba nyekundu ipo, imefumuka pale pale. Spidomita bado iko mbele ya dereva.